Nguruwe hanenepi siku unayomwona amenenepa: somo kutoka kwa panya wa maabara

Somo la leo linaanza na panya, kwa hiyo najua wapo watakaosema afisa leo kapotea njia. Vumilia kidogo. Tutafika kwenye banda la nguruwe, tutapita kwa mtamba wa maziwa, na utaelewa kwa nini mchinjaji anakukata bei wakati mnyama wako anaonekana amenona vizuri.

Swali lenyewe nililetewa na kijana mmoja wa Kamachumu. Alikuwa na nguruwe kumi na wawili, mtaji wake ukitokana na mkopo wa vijana wa halmashauri. Chakula chao kikubwa kilikuwa ndizi mbivu: za kibanja cha baba yake, na zile zinazobaki sokoni jioni ambazo alizipata kwa bei ya kutupa. Juu yake aliweka pumba kidogo. Walipofika miezi minane walikuwa wa mviringo kama mapipa na kila jirani alimsifia. Mnunuzi kutoka Bukoba mjini akachinja wawili wa kwanza, kisha akapiga simu: mafuta ya mgongoni ni vidole vitatu, na wateja wa kitimoto wanataka nyama. Wale kumi waliobaki akawatajia bei ambayo haikutosha hata rejesho la mkopo.

Kijana akaniambia, "Afisa, mimi mafuta niliyaona mapema. Mwezi mzima wa mwisho niliwapunguzia chakula. Mbona hawakukonda, wakadumaa tu?"

Hilo ni swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa. Jibu lake ni kwamba unene wa mnyama huanza kutengenezwa ndani, akiwa mdogo, wiki nyingi kabla jicho halijauona. Na kinachoutengeneza hakiangalii wingi wa chakula peke yake. Kinaangalia chakula hicho kinaelekezwa wapi mwilini. Hapo ndipo tunakutana na insulini.

Insulini ni nini

Wengi tunaijua kwa sababu ya ndugu zetu wenye kisukari wanaojichoma sindano. Ni homoni inayotengenezwa na kongosho, kile kiungo laini kilicho nyuma ya tumbo la chakula ambacho wachinjaji wengi hukitupia mbwa. Mnyama akila wanga au sukari, sukari ya damu inapanda, kongosho linamwaga insulini, na insulini inafungua milango ya misuli na ya seli za mafuta ili sukari iingie. Inafanya na jambo la pili ambalo watu hulisahau: inaziambia seli za mafuta zifunge ghala. Wakati insulini iko juu, mafuta yanaingia na hayatoki.

Insulini si adui, hilo tuelewane. Bila insulini hakuna mnyama anayekua, maana hata misuli inaihitaji ili ijengeke. Kabla ya mwaka 1922 mtoto aliyepata kisukari cha kukosa insulini alikonda mpaka akafa hata kama anakula. Ndipo Banting na Best na wenzao wa Toronto, Kanada, walipopata namna ya kuitoa kwenye kongosho la wanyama, na Januari 1922 kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson akawa mgonjwa wa kwanza kuchomwa. Kwa miaka mingi baada ya hapo dunia ilitegemea insulini ya kongosho la ng'ombe na nguruwe. Ile ya nguruwe ina vipande 51 vya protini kama yetu, na inatofautiana na ya binadamu kwa kipande kimoja tu. Kwa hiyo tukizungumza habari hizi kwa nguruwe, hatuko mbali na nyumbani.

Sasa fikiria ghala lenye milango miwili. Mlango wa kwanza unaingia kwenye misuli, lakini ili ujenge msuli unahitaji tofali, na tofali ni protini. Mlango wa pili unaingia kwenye mafuta, na huko hakuna kinachohitajika zaidi ya sukari yenyewe. Ukileta sukari nyingi na tofali hakuna, mlango wa kwanza unajaa haraka. Mzigo wote uliobaki unapitia wa pili.

Panya wa Zucker

Mwaka 1961 watafiti wawili, mke na mume, Lois na Theodore Zucker, wa jimbo la Massachusetts huko Marekani, walitangaza kwamba kati ya panya wao wamepata aina inayonenepa yenyewe. Uzao mmoja, mama mmoja, banda moja, chakula kimoja, lakini baadhi ya watoto wanakuwa kama mipira. Walikuta ni kasoro ya jeni, na mtoto lazima airithi kwa baba na kwa mama ndipo anenepe. Mpaka leo panya hao wanaitwa panya wa Zucker na wanafugwa kwenye maabara nyingi duniani.

Kwa macho unaanza kuwatambua wakiwa na wiki tatu hadi tano. Lakini watafiti waliokuja baadaye hawakungoja macho. Waliwapima wakiwa bado wananyonya. Wakakuta seli za mafuta zimeshaanza kuvimba wakati mtoto bado anafanana na wenzake kwa umbo, na kufikia siku za kuachishwa ziwa insulini ya damu iko juu kuliko ya ndugu zake wembamba. Kwa maneno mengine, kazi ilishaanza, na mwenye banda angeapa kwamba wote wako sawa.

Halafu likaja jaribio ambalo ndilo lililonifanya niandike somo hili. Walichukua panya mnene wakampa kiasi kilekile cha chakula anachokula ndugu yake mwembamba, gramu kwa gramu, tangu utotoni. Bado alikuwa na mafuta mengi kuliko ndugu yake. Alikula sawa naye, lakini mwili wake ulikipeleka chakula kwenye mafuta na kuinyima misuli. Ukimbana tumbo, anadumaa misuli na anabaki na mafuta.

Rudi sasa kwa swali la Kamachumu: "mbona hawakukonda, wakadumaa tu?" Nguruwe wale hawakuwa na kasoro ya jeni, na sitaki mtu aondoke hapa akisema nguruwe wake ana ugonjwa wa Zucker. Lakini kanuni inafanana. Kijana alipunguza kiasi, hakubadilisha aina. Ndizi zilipungua, na ile protini ndogo iliyokuwemo ikapungua nazo. Msuli ukakosa tofali kabisa, wakati mafuta yaliyokwisha kuwekwa miezi iliyopita yalikaa palepale.

Sababu ya panya hawa kuwa hivyo ilikuja kujulikana baadaye sana. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake huko New York waligundua homoni inayotolewa na mafuta yenyewe kwenda kuuambia ubongo "ghala limejaa", wakaiita leptini. Miaka miwili baadaye ikathibitika kwamba panya wa Zucker leptini anayo tele, ila kipokezi chake ni kibovu. Ubongo hausikii. Na ubongo ni bosi wa kongosho. Tangu 1940 Hetherington na Ranson walikuwa wameshaonyesha kwamba ukijeruhi sehemu ndogo chini ya ubongo wa panya wa kawaida, ananenepa kupita kiasi. Na watafiti waliofuata wakaona insulini yake inapanda mapema sana baada ya jeraha, hata asipoongezewa chakula.

Panya asiye na kasoro naye ananenepa, ukimwanzishia vibaya

Mpaka hapo mtu anaweza kusema, haya ni mambo ya jeni na majeraha, yananihusu nini mimi na pumba zangu? Jaribio linalomhusu mfugaji moja kwa moja ni la Mulchand Patel na wenzake huko Buffalo, jimbo la New York. Walichukua watoto wa panya wa kawaida kabisa, wenye umri wa siku nne, wakawalisha maziwa ya kutengeneza. Maziwa ya mama panya yana mafuta mengi na wanga kidogo sana: karibu asilimia 8 tu ya nishati yake inatoka kwenye wanga. Haya ya kutengeneza yalikuwa na asilimia 56. Jumla ya nishati haikuongezwa, waligeuza aina tu.

Ndani ya saa 24 insulini ya watoto wale ilipanda. Walipofikisha siku 24 wakaachishwa maziwa yale na kupewa chakula cha kawaida cha panya. Ungetarajia insulini irudi chini. Haikurudi. Walikua nayo juu, na walipofika utu uzima wakanenepa. La kushangaza zaidi, majike wale walipozaa, watoto wao nao walikua na insulini ya juu na unene, ingawa wao hawakuonja maziwa yale hata tone.

Kuna jaribio jingine la zamani zaidi la McCance na Widdowson wa Cambridge, Uingereza. Wao walibadilisha idadi tu: mama mmoja wakamwachia watoto watatu, mwingine wakamrundikia kumi na tano mpaka ishirini. Wale watatu walishiba maziwa, wakakua haraka, na wakabaki wakubwa maisha yao yote. Wale wa msongamano walibaki wadogo hata walipopewa chakula bila kikomo baada ya kuachishwa. Wiki tatu za kunyonya ziliamua ukubwa wa maisha.

Panya si nguruwe, na mimi si mtu wa kuchukua jaribio la Buffalo nikalibandika kwenye banda la Nshamba kama lilivyo. Panya anazaliwa mchanga mno, kongosho lake na ubongo wake vinamalizia kujengeka akiwa ananyonya. Nguruwe anazaliwa akiwa ameshafika mbali zaidi. Lakini kwa nguruwe wenyewe tunalijua jambo la ukoo huohuo: idadi ya nyuzi za misuli inakamilika tumboni, kabla siku 114 za mimba hazijaisha. Yule mdogo wa mwisho, anayezaliwa kama panya kweli, mara nyingi ana nyuzi chache. Ukimshindilia chakula ili awafikie wenzake, atawafikia kwa kilo, ila kilo zake zitakuwa na mafuta zaidi. Wachinjaji wazoefu wanalijua hili bila kusoma popote.

Watu wa Kagera walilijua zamani

Mwishoni mwa mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe, kwenye ikulu ya Mukama Rumanyika, akiwa njiani kutafuta chanzo cha mto Nile. Kwenye kitabu chake cha 1863 anaeleza alivyowakuta wake wa wakubwa wamenenepeshwa kwa maziwa mpaka hawawezi kusimama. Mmoja, mke wa kaka yake Rumanyika, alimwomba ruhusa akampima kwa kamba: mkono ulikuwa na mzunguko wa futi 1 na inchi 11, yaani kama sentimita 58, na kifua futi 4 na inchi 4, kama sentimita 132. Pembeni alikuwepo binti yake wa miaka 16 akinywa maziwa kwenye chombo, na baba mtu amekaa na fimbo kuhakikisha anamaliza.

Sisimulii ili tuwacheke. Unene ulikuwa heshima na dalili ya mali, na kwa macho ya biashara walikuwa wameelewa kanuni zote nne: anza mapema, lisha kinywaji badala ya kitu cha kutafuna, usiache tumbo lipumzike, na zuia mwendo. Hakuna aliyepima insulini Karagwe mwaka 1861, hata neno lenyewe lilikuwa bado. Lakini ukitaka mnyama wa mafuta, njia ni hiyohiyo. Tatizo ni kwamba wewe hutaki mafuta, na bado unafuata njia ileile: nguruwe mdogo, ndizi mbivu zilizopondwa na maji kama uji, mchana kutwa, kwenye kibanda ambacho hawezi kugeuka.

Ndizi yetu

Ndizi mbichi ina wanga. Ikiiva, karibu wanga wote unageuka sukari. Protini iliyomo ni kidogo mno, kama asilimia 1 ya uzito wa ndizi yenyewe. Nguruwe anayekua anahitaji chakula chenye protini ya asilimia 16, na aliyetoka kuachishwa ziwa anahitaji 18 mpaka 20. Hesabu inajieleza. Nguruwe wa ndizi mbivu peke yake ni ghala lenye mlango mmoja.

Angalia na upande wa fedha. Kilo moja ya mafuta ya mgongoni imebeba nishati ya kilokalori 8,000 hivi. Kilo moja ya nyama nyekundu haifiki 1,500, kwa sababu karibu robo tatu yake ni maji. Yaani chakula ulichokitumia kuweka kilo moja ya mafuta ambayo mchinjaji anaikata na kuiweka pembeni kingekupa kilo kadhaa za nyama, kama tofali zingekuwepo. Ndiyo maana nasema mafuta ni hasara mara mbili: unayanunua ghali na kuyauza rahisi.

Je, tuache ndizi? Hapana. Tuko Kagera, kumkataza mfugaji ndizi ni kumkataza kufuga. Suala ni mpangilio. Kwanza nguruwe ale mchanganyiko wake wenye protini akiwa na njaa, ammalize, ndipo ndizi zije juu kama kujazia. Ndizi mbichi na maganda yake vina ukakasi unaomfanya ale kidogo, kwa hiyo zichemshe. Na mwenye umri chini ya miezi mitatu sukari ya ndizi mbivu mpe kwa kuonja tu.

Mchanganyiko ambao nimekuwa nikiwapa vijana wa Izigo na Kemondo kwa nguruwe wa kilo 25 mpaka 60, kwa kila kilo 100: pumba za mahindi kilo 60, mahindi yaliyoparazwa 15, mashudu ya alizeti 17, dagaa waliosagwa 7, na kilo 1 ya chokaa ya mifugo na chumvi, chumvi isizidi nusu kilo. Protini inakaribia asilimia 16. Dagaa wetu wa ziwani ni tofali bora kuliko yote ila kagua mchanga, kuna wanaouza nusu dagaa nusu ufukwe. Na wiki tatu nne kabla ya kuuza toa dagaa, weka mashudu zaidi au soya iliyokaangwa, maana nyama inabeba harufu ya samaki. Maharage yaliyooza bei yanafaa pia, lakini yapikwe. Mabichi yana sumu inayozuia protini isisagike.

Wiki za mwanzo

Hapa ndipo kwenye uzito wa somo, nami naomba usome taratibu.

Anza na mama akiwa na mimba. Mwezi wa mwisho aongezewe chakula chenye protini, lakini asiwe pipa. Mama mnene anazaa kwa shida na analala juu ya watoto. Watoto wakizaliwa, kila mmoja apate maziwa ya kwanza ndani ya saa chache. Siku ya tatu sindano ya madini ya chuma. Kama mama ana watoto wengi kuliko chuchu zinazotoa, na jirani ana mama aliyezaa siku hizohizo akiwa na watoto wachache, wahamisheni. Mkumbuke panya wa Cambridge.

Mama akifa au akikosa maziwa, kuna mazoea ya kuwapa watoto uji mwepesi wenye sukari. Acha. Mtoto wa nguruwe wa wiki ya kwanza hana kimeng'enya cha kusaga sukari ya dukani. Ataharisha na anaweza kufa. Mpe maziwa ya ng'ombe au ya mbuzi bila kuongeza sukari, ya uvuguvugu, kidogokidogo mara nyingi kwa siku. Kuanzia wiki ya pili au ya tatu waanzishie chakula kikavu cha watoto mahali ambapo mama hafiki.

Baada ya kuachishwa mpaka kilo 60 ndicho kipindi cha misuli. Usibane chakula hapo, bana sukari. Kuanzia kilo 60 mwili wenyewe unageuka: uwezo wa kuweka msuli unafikia kikomo, na kila kinachozidi kinakwenda kwenye mafuta. Hapo sasa ndipo pa kubana kiasi, kilo 2 mpaka 2.5 za mchanganyiko kwa siku, na uuze akiwa kati ya 80 na 90. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunamnyima akiwa mdogo kwa sababu "bado hali sana", tunamshindilia akiwa mkubwa ili anone kwa ajili ya Krismasi. Dume lililohasiwa linaweka mafuta haraka kuliko jike, kwa hiyo kama una nafasi watenganishe na dume lianze kubanwa mapema.

Makombo ya hotelini na ya shuleni yachemshwe yote, bila kuchagua. Hilo ni la homa ya nguruwe, sio la mafuta, lakini siwezi kuandika habari za chakula cha nguruwe nikaliruka.

Mzani huna? Chukua tepu ya fundi cherehani. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, na urefu kutoka katikati ya masikio mpaka shina la mkia, vyote kwa mita. Zidisha kifua kwa kifua, kisha kwa urefu, kisha kwa 69.3. Nguruwe mwenye kifua cha mita 0.95 na urefu wa mita 1.05 ana kilo 66 hivi. Fanya kila wiki mbili, asubuhi kabla hajala. Na siku hiyohiyo bonyeza uti wa mgongo kwa kiganja: ukiuhisi kwa kubonyeza kidogo yuko sawa, ukibonyeza kwa nguvu usiuhisi umeshachelewa.

Mtamba wa maziwa

Wafugaji wa ng'ombe mmekaa kimya muda mrefu, njooni. Ng'ombe hafuati njia ya panya moja kwa moja. Sukari na wanga vikiingia kwenye tumbo lake kubwa, vijidudu vinavichachua na kuwa asidi, na ini ndilo linalotengeneza glukosi kutoka kwenye asidi hizo. Lakini molasi na pumba vikizidi, asidi hiyo inazidi, na insulini inapanda kwa njia ya kuzunguka. Ndama mchanga, ambaye tumbo kubwa halijafunguka, yuko karibu zaidi na yule panya.

Mwaka 1982 Kristen Sejrsen na wenzake walichapisha utafiti walioufanya Michigan, Marekani. Waliwalisha mitamba kabla ya balehe bila kikomo, wengine wakawabana. Wale walioshiba sana walikuwa na kiwele kilichojaa mafuta na tezi chache za maziwa. Walipofanya vilevile kwa mitamba waliokwisha balehe, madhara yale hayakuonekana. Hapo wanasayansi wanataja homoni nyingine pamoja na kasi ya kubalehe, sio insulini peke yake, ila kwa mfugaji tafsiri ni moja: kati ya miezi mitatu na kumi kiwele kinajengwa, na ukileta mafuta muda huo yanakaa pale pa tezi.

Kwa hiyo mtamba wa umri huo apate matete machanga au guatemala, pamoja na desmodiamu, kaliandra au lukina kwa ajili ya protini. Pumba iwe nyongeza tu. Molasi kutoka Missenyi tumia kulainishia majani makavu wakati wa kiangazi, usimmiminie ndooni. Kwa chotara wetu ongezeko la nusu kilo kwa siku linatosha. Mpandishe akifika asilimia 60 ya uzito wa ng'ombe mzima wa aina yake: kama mama yake ana kilo 400, subiri 240, hata kama amepata joto mapema na jirani anakucheka.

Wafugaji wa kuku, msilichukue somo hili kama lilivyo. Kuku ana sukari ya damu ya juu kuliko sisi sote kwa kawaida yake, na mafuta yake anayatengeneza kwenye ini. Habari za kuku wa mayai anayenenepa mpaka ini linapasuka nitaziandika peke yake.

Wale wenye nguruwe walioachishwa ziwa mwezi huu, pimeni kifua na urefu wiki hii, mniandikie na mnachowalisha, kwa debe au kwa kilo. Wa Muleba wanaotaka kununua dagaa na mashudu kwa pamoja ili bei ishuke, leteni majina kwa afisa wa kata yenu kabla ya Ijumaa.